Mkindu Juu ya Tarakea

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, nilipotoka zizini na ndoo ya maziwa mkononi nikakuta gunia langu limekunjwa juu ya jiwe. Halikutupwa. Lilikunjwa pembe juu ya pembe, kama mtu akunjavyo kitenge cha kwenda nacho kanisani. Na mkindu wangu, ambao jana yake jioni nilikuwa nimeuvika gunia hilo na kulikaza kwa kamba, ulisimama uchi katikati ya ua. Jua lilikuwa limeshafika uani, lakini shamba la viazi la chini lilikuwa bado jeupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba inayolala juu ya majani kama chumvi iliyomwagika. Nilisimama pale mpaka maziwa yakapoa. Nilijiuliza: ni mtu wa namna gani anayeuvua mti nguo kwenye baridi hii, halafu akazikunja vizuri namna hii?

Nakusimulia haya kwa sababu ninyi wenyewe ndio mnaoniuliza. Siku hizi kila anayejenga nyumba ya wageni huku juu anataka mti wa majani marefu mlangoni, eti wageni wa mlima wapige picha. Mnainunua kwenye vitalu kule Moshi, upande wa Rau, mnaipandisha mpaka huku msituni, na mwezi wa saba ukifika inakauka. Hapo ndipo mnapokumbuka njia ya kwangu. "Shikamoo bibi. Huu wako umeishije?" Nikifungua mdomo mnatoa simu mnirekodi. Basi rekodi, mwanangu, lakini ujue jibu langu ni refu, na mahali pengi ndani yake mimi mwenyewe nimepotea njia.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nilizaliwa Kahe, chini kabisa, kwenye mifereji na mpunga, mahali ambapo usiku wa joto watu huburuta mikeka nje. Mikindu kwetu haikupandwa na mtu. Iliota tu kando ya maji, ikajikusanya mashina kwa mashina, mirefu kupita nyumba. Mama yangu alikuwa msukaji. Mkeka aliolalia mgeni kwetu, kikapu alichobebea mtu mahindi, ungo, kawa, vyote vilitoka kwenye majani yale. Mimi nilijua kuchana ukindu kabla sijajua kuandika jina langu.

Nilipoolewa na Anaeli wa huku juu ya Tarakea, mama hakulia. Alikwenda kando ya mfereji akang'oa miche mitatu ya mkindu na udongo wake, akaifunga kwa magome ya mgomba. "Huko hakuna ukindu," akaniambia. "Kapande. Mkono usiosuka husahau." Nikapanda nayo mlima, mwanangu, miche mitatu mapajani na sanduku miguuni. Sikujua kwamba nilikuwa nimebeba ugomvi.

Baridi ya huku hukuambiwa ukaielewa. Uliisikia kwenye meno. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa shamba la miti, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi, kwa hiyo nilibaki na mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti kama ya mtu anayefukuza kuku hata akikutakia usiku mwema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kirombo chake mimi sikukielewa. Kikahe changu yeye alikisikia kama ndege. Tukawa tunasema kwa vidole: maji, kuni, ng'ombe, njoo ule. Tuliishi hivyo. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha nyumba ile hakikuwa na mshindo wowote. Kilikaa tu, kama moshi usiopata tundu.

Miche yangu niliipanda mahali patatu. Mmoja bondeni, karibu na kijito, kwa kuwa kwetu mkindu ni mti wa maji. Wa pili katikati ya ua, peupe, uote vizuri. Wa tatu ulikosa mahali. Nikauchomeka tu nyuma ya jiko, ukutani, upande jua linapochomozea. Huo ndio niliopanda bila kufikiri.

Mwezi wa sita baridi ikashuka. Wa bondeni ndio uliotangulia kufa. Ule niliokuwa nimeupenda kuliko wote, niliokuwa nikiumwagilia kila jioni, uligeuka rangi ya chai kwa siku chache, ukalala. Sikuelewa. Wenye maji ndio ufe? Nikazidisha kumwagilia ule wa uani, na nikaanza kuuvisha gunia. Nikalikaza hasa, upepo usipenye. Nilitaka libaki pale mpaka baridi yote ipite, kama mtoto mchanga anavyozungushiwa blanketi.

Hapo ndipo lilipoanza lile la asubuhi.

Nikifunga jioni, asubuhi nakuta limefunguliwa na kukunjwa. Nikiteka maji na kuiweka ndoo karibu na mti, nikirudi naikuta ndoo jikoni. Siku nyingine nilikuta majivu yamezungushwa chini ya shina na mabua makavu juu yake. Majivu, mwanangu! Kwetu majivu humwagwa mahali usipotaka kitu kiote. Nilimwendea jirani mmoja, mwanamke aliyejua Kiswahili vizuri na aliyependa kukitumia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mwenzangu, huyo mama hataki mti wa nchi ya joto kwenye kihamba, shamba la urithi la mume wake. Leo mti, kesho wewe." Mtu anayekuonea huruma haraka hivyo, mwanangu, mtazame mara mbili. Mimi sikumtazama hata mara moja.

Wakati huo nilikuwa mjamzito wa mtoto wangu wa kwanza. Hofu ya mwanamke mwenye mimba haina mlango wa kutokea. Inazunguka humo humo ndani. Siku moja nikajikaza. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi.

"Mama," nikasema, "kuna mtu anafungua gunia la mti wangu."

Hakuinua kichwa. Alitafuta maneno ya Kiswahili kwa muda, akapata matatu.

"Mti si maiti."

Akaendelea kumenya. Nami nikatoka nje nikiwa nimeshika tumbo. Maiti! Kwa nini ataje maiti mbele ya mwanamke mwenye mimba? Aliutabiria mti, au alinitabiria mimi? Niliyageuza maneno yale usiku kucha na kutwa nzima, kila upande nikauona ni mbaya. Ningeweza kurudi ndani na kusema, "Mama, sijakuelewa." Maneno mawili tu, machache kuliko yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema jinsi inavyokuwa vigumu kumuuliza mtu ambaye umeshamhukumu.

Ilipita juma moja hivi. Nikaenda kuutazama ule mkindu wa uani, nikaona jani la katikati, lile changa linalotoka limekunjwa kama mkuki, limeinama. Nikalishika kwa vidole viwili nilinyooshe. Likatoka. Halikukatika, lilitoka zima kutoka moyoni mwa mti, kama jino la mtoto, na chini yake limeoza linanuka. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Kwetu mkindu haufi kwa kuoza moyo. Nilijua, kwa ujuzi wa mtu asiyejua lolote, kwamba umemwagiwa kitu.

Kesho yake nilisema nakwenda sokoni Tarakea kununua chumvi. Sokoni nilipita tu. Nikapanda basi la Moshi, nikashuka Himo, na jua lilipokuwa linazama nilikuwa Kahe, kwenye joto, nikitokwa jasho na sweta langu.

Baba yangu alikuwa mtu wa maswali mafupi.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, baba."

"Umepigwa?"

"Hapana."

"Umenyimwa chakula?"

Nikamwambia sikuwahi kunyimwa chakula. Hata bakuli kubwa la nyumba ile lilikuwa langu.

"Sasa umefanyiwa nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze, na nilipojisikia nikieleza, gunia lililokunjwa, ndoo iliyorudishwa jikoni, majivu, nikaona mambo yenyewe yanakuwa madogo kila ninavyoyataja. "Sijui," nikasema, nikalia. Baba akamtazama mama. "Nimeona mabinti wakirudi nyumbani kwa mengi," akasema. "Kwa sababu ya gunia sijaona." Lakini hakunirudisha. Mama akanitandikia mkeka.

Nikakaa. Anaeli alileta ujumbe kwa watu, sikujibu. Nilikuwa nimekwama, mwanangu. Kurudi nilikuwa naogopa, kubaki nilikuwa naona haya, na tumbo lilikuwa linakua halisubiri mimi nielewe.

Kisha siku moja mchana, jua limesimama utosini, nikamwona Anaeli anakuja kwenye tuta la mfereji. Nyuma yake alikuwa mama yake. Amevaa koti lile lile la huku, zito, limefungwa vifungo vyote, na mkononi ameshika jani la sale. Wewe ni wa huku, unajua maana yake: ni kuomba msamaha na amani. Lakini mtu mzima akimletea sale msichana aliyetoroka, hilo lilikuwa si jambo la kuonekana kila siku. Mama mkwe wangu hakuwa amewahi kushuka chini ya Himo maishani mwake.

Nilidhani atakuja moja kwa moja kwangu. Hakuja. Alisimama kando ya mfereji. Alikuwa anatazama juu. Alitazama mikindu yetu mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, akaugusa mmoja shinani kwa kiganja, akasema neno kwa Kirombo. Anaeli akacheka kwa mshangao.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza, kumbe ndio unakuwa hivi? Hakuwahi kuuona mkindu mkubwa. Anasema alidhani unachokitesa ni kitu cha kiasi cha kabichi."

Tukaketi kivulini, maji yakaletwa, akanywa vikombe vingi bila kuvua koti. Ndipo mazungumzo yalipoanza, yeye kwa Kirombo, Anaeli katikati kama daraja. Kwa mara ya kwanza nikamsikia mama yule akisema sentensi ndefu.

"Mwambie," akasema, "kule kwetu miche ya kabichi tunaifunika jioni sakitu isiiunguze. Asubuhi jua likipiga tunaifunua ikauke. Ukiiacha imefunikwa na unyevu, inaoza shingo. Nikaona anaufunga mti wake kama maiti, na maji juu. Nikawa nafunua. Nikaweka majivu ili udongo usishike maji, na mabua ili mizizi isipate baridi. Nikairudisha ndoo jikoni."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Anaeli hakuhitaji kutafsiri. Mama mkwe alinyoosha kidole kwangu. "Nilikuambia. Mti si maiti."

Mwanangu, nilicheka na kulia kwa pamoja, na sijui kipi kilitangulia.

Lakini yeye hakucheka. Uso wake ulikuwa mgumu, akaniuliza naye la kwake, na hilo sikuwa nimelitarajia. Alitaka kujua kwa nini nilikuwa nataka kuuua mti. Kila jioni anaona naunyonga kwa kamba. Akafikiri: huyu binti anataka mti wa kwao ufe, apate la kuwaambia wazazi wake, kwamba nchi yetu ni mbaya na haioti kitu, arudi nyumbani na mjukuu wangu tumboni. Yule jirani aliyenihurumia mimi, kumbe alikuwa amemhurumia na yeye vile vile, kwa maneno yale yale, ila ameyageuza.

Tukatazamana. Mwezi mzima wanawake wawili tunaupigania mti mmoja tuuokoe, kila mmoja akiamini mwenzake anauua. Na kati yetu mti wenyewe umekufa.

Nikamuuliza, "Basi kilichouua wa uani ni nini? Gunia langu au kufunua kwako?"

Akaweka kikombe chini. "Sijui," akasema. "Mimi najua kabichi. Mkindu sijui. Nilikuwa najaribu."

"Na ule wa bondeni?"

"Huo nao sijui."

Nilikuwa nimemwona kama mtu anayejua kila kitu na kunificha. Kumbe naye alikuwa anapapasa gizani kama mimi, tena kwa ajili yangu. Ndipo akanikemea, na kemeo lile ndilo nililotaka ulibebe. Akasema, safari hii kwa Kiswahili chake kidogo, polepole, akihakikisha kila neno linafika: "Wewe, ukiona jambo hujui, unakimbia. Kwa nini? Hata mimi sijui. Lakini mimi nimebaki. Nimekuja kwa basi. Nimetapika njiani. Nimekuja kuuliza."

Mama yangu akainuka akaenda ndani, akatoka na mche mwingine. Mama mkwe akaukataa kwa mkono. "Kuna mmoja bado," akasema. "Nyuma ya jiko. Upo."

Nilikuwa nimeusahau kabisa.

Tulipanda mlima pamoja siku iliyofuata. Ule wa nyuma ya jiko ulikuwa umesimama, mwembamba, ncha zimeungua kidogo, lakini moyo wake mkavu na mgumu. Tangu hapo tulikubaliana kwa maneno, si kwa vidole: mwezi wa baridi, jioni mimi nafunika, gunia kavu, bila kukaza; asubuhi jua likigusa ukuta yeye anafunua. Maji tukapunguza. Mtoto wangu akazaliwa mwezi wa kumi, na ni yeye bibi yake aliyemwosha kwanza.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwaka mmoja sakitu ilikuja kali mpaka majani yote yakawa kahawia, na Anaeli akachukua panga aukate. Mama yake akamzuia. Hakusema anajua utapona; alisema tu, "Hujui kama umekufa. Ngoja mvua." Tukangoja. Tulikuwa tunapita pale kila siku na kulivuta kidogo lile jani la katikati, na kila siku likakataa kutoka. Mvua za vuli zilipokuja likapanda kipande, kijani. Mama mkwe aliniita kwa sauti ile yake ya kufukuza kuku, nikaenda mbio nikidhani ng'ombe ameangukia shimoni.

Sasa umekuwa mashina mengi. Haujafikia urefu wa Kahe na hautafikia. Ukindu wake ni mfupi, unatosha vikapu, mkeka mpana hautoki. Jumapili ya Matawi watoto wa Sunday school wanakuja kuomba, nami nawakatia yale ya nje. Mama mkwe alisuka kikapu kimoja maishani mwake, nilimfundisha mimi, kikaenda upande, akakitumia kuwekea mayai mpaka alipotuacha.

Ukiniuliza kilichouokoa mkindu huu, nitakuambia huenda ni ukuta wa jiko, unaohifadhi joto la mchana na la moto. Wako wanaosema baridi hutelemka kama maji ikalala bondeni, ndiyo maana ule wa kijitoni ulitangulia, huenda. Huenda gunia langu lenye unyevu ndilo lililooza moyo wa ule wa uani. Nimezeeka nikiyafikiri na bado sina hakika. Nakupa ninayoyatenda: panda karibu na ukuta unaopata jua la asubuhi, usipande bondeni, moyo wa mti usilale na maji, funika jioni na funua asubuhi, na ukiona majani yameungua usikimbilie panga.

Na hili lingine, mwanangu, halihusu mti. Utaoa au utaolewa mahali ambapo watu hufanya mambo kinyume na ulivyozoea. Utakuta kitu chako kimehamishwa na hujui ni nani wala kwa nini. Usikae na jibu ulilojitungia mwenyewe, maana jibu la mtu mwenye hofu ni baya siku zote. Usimpelekee jirani swali la mwenye nyumba. Nenda kwa huyo huyo unayemwogopa, useme, "Sijakuelewa." Akijibu nawe bado hujaelewa, sema tena. Huenda akakuambia hata yeye hajui; hapo ndipo mtakapoanza kusaidiana. Kutokujua si aibu, na wala hakuvunji nyumba. Asiyeuliza ndiye hana ajifunzalo, na mimi naongeza: hata wa kujifunza naye atamkosa.

Haya, zima simu yako uje unywe uji. Mungu akupe nyumba yenye watu wanaosemezana. Akupe mkwe atakayekufuata ukipotea, na akupe wewe miguu ya kumfuata mwenzako akipotea. Watoto wako wakue wanene kwenye baridi na kwenye joto, na mlima huu ukutazame kwa wema, wewe na kila unachokipanda. Amina.